Kati ya Deni na Wajibu: Jibu kwa Fundi wa Kayole

Swali

Mimi ni fundi wa kushona nguo, naishi Kayole. Kwa miaka 6 nimekuwa mwanachama wa kikundi cha watu wa kwetu tulioko Nairobi. Kila mwezi tunatoa shilingi 300, na mmoja wetu akifiwa tunatoa 500. Sikuwahi kukosa. Mwaka jana niliugua, nikafunga duka tangu Mei hadi mwisho wa Septemba. Nilimpigia mweka hazina simu nikamweleza. Mwezi wa Agosti baba yangu akafariki. Kikundi hakikutoa hata shilingi, wala hakuna aliyekuja, kwa kuwa katiba yetu inasema anayekosa miezi mitatu mfululizo hafaidiki. Waliokuja ni majirani wa ploti, ambao hatuna chama chochote. Mmoja wao alifunga kibanda chake cha mboga siku tatu akanisindikiza hadi nyumbani kwa mazishi. Sasa nimepona, na kikundi kinanidai 5,000: ada ya miezi mitano, faini ya 100 kwa kila mwezi, michango ya misiba minne (miwili kabla ya Agosti na miwili baadaye), na 1,000 ya kurejeshwa. Jina langu limewekwa kwenye kikundi cha WhatsApp katika orodha ya wadaiwa. Kaka yangu anasema mtu ni watu, nilipe ninyamaze. Je, nina deni kwao, au wao ndio wenye deni kwangu? Na nikijitoa, nitakuwa nimewakana watu wangu?

Jibu

Dada yangu, pole kwa kuondokewa na baba, na pole ya pili kwa kuwa ulimzika huku ukiwatazamia watu ambao hawakutokea. Nimekaa miaka mingi katika vikao vya kusuluhisha vikundi vya mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na wengi wanaoniletea jambo kama lako huniletea nusu yake. Mwenyekiti huja akiuliza mwanachama anadaiwa nini. Mwanachama huja, mara nyingi akiwa na hasira, akiuliza kikundi kimemfaa kwa lipi. Wewe umeuliza yote mawili kwa mkupuo mmoja, na kwa maoni yangu hakuna namna nyingine ya haki ya kuliuliza swali hili.

Lugha yetu ina maneno matatu ambayo kikundi chenu kimeyachanganya. Deni ni kitu chenye kiasi, chenye tarehe na chenye mwenyewe. Ukishalilipa limekwisha, na wewe na mdai wako mnaweza kupishana njiani kila mtu akaenda zake. Wajibu hauna kiasi kilichoandikwa, kwani hupimwa kwa uwezo wa mtu na kwa uzito wa haja iliyo mbele yake, na kuutimiza leo hakukuondolei wa kesho. Fadhila ni lile ambalo mtu angeweza kuliacha asilaumiwe na yeyote, lakini akalitenda. Ada yako ya 300 ni deni, kwa sababu uliikubali ulipoingia. Kuja kukaa nanyi matangani ulikuwa wajibu wao. Jirani aliyefunga kibanda chake siku tatu alikutendea fadhila. Kosa la kikundi, kama nilivyolielewa kutokana na maelezo yako, ni kwamba kilichukua wajibu wake kwako kikaugeuza sehemu ya deni lako kwake, hata pengo lililokuwa kwenye daftari likawa sababu ya kutokuja msibani.

Niimalize kwanza habari ya fedha, si kwa kuwa ndiyo kubwa, bali kwa kuwa mtu anayedaiwa asichokopa ni vigumu kufikiri kwa utulivu juu ya mengine. Katiba ya kikundi ni mapatano, na kanuni ya miezi mitatu, ijapokuwa ni kali, ulikuwa umeikubali. Kwa hiyo ada ya Mei, Juni na Julai, ambayo ni 900, ni deni halali, pamoja na 1,000 ya misiba miwili iliyotokea kabla ya Agosti. Lakini tangu Agosti kikundi chenyewe kilikuhesabu kuwa uko nje ya faida zake. Miezi ileile haiwezi kuwa miezi ya uanachama inapofika zamu ya kukudai, kisha ikawa miezi ya utoro inapofika zamu ya kukufaa. Ada ya Agosti na Septemba, faini zake, na michango ya misiba miwili ya baadaye, jumla yake 1,800, haina msingi, maana wanakutoza kwa kinga waliyokunyima. Faini ya 300 ya miezi mitatu ya kwanza inategemea kama imeandikwa katika katiba, na hata kama imeandikwa, una haki ya kuomba isamehewe kwa kuwa ulimjulisha mweka hazina ungali unaumwa. Ile 1,000 ya kurejeshwa haikuhusu mpaka uamue kurejea, na hapo pia wakuonyeshe kifungu kinachoitaja. Katika 5,000 hizo, basi, deni lako la hakika ni 1,900.

Nadhani hata hivyo hesabu hii haitakuondolea uchungu, kwa sababu kilichokuuma hasa si ile 1,800. Kifungu kilisema anayekosa miezi mitatu hafaidiki, na kila mtu anaelewa kwamba faida inayotajwa pale ni ya mfuko. Hakikusema asitembelewe. Hakikusema asipigiwe simu ya pole, wala kwamba baba yake asizikwe na watu waliomfahamu. Hayo waliyaongeza wenyewe bila kuandika, na pengine bila kukaa kikao, na hapo ndipo inafaa tujiulize imekuwaje hata watu wa kijiji kimoja, wanaoitana kwa majina ya utotoni, wakafika mahali pa kuamua nani wa kuliliwa kwa kutazama nani amekamilisha mchango.

Vikundi vya aina ya chenu vimezaliwa na Nairobi yenyewe. Mji huu wa wakoloni ulimtaka Mwafrika kwa ajili ya mikono yake tu. Alitembea na kipande shingoni, akalala katika makazi yaliyojengwa kana kwamba kila mfanyakazi ni mseja, na ilichukuliwa kwamba akizeeka, akiugua au akikosa kazi atarudi alikotoka na kuhudumiwa huko. Hapakuwa na mahali palipotengwa kwa ajili ya kuugua kwake wala kufa kwake. Ndiyo sababu watu waliotoka sehemu moja walianza kukusanyana, wakachanga senti zao ili aliyekwama arudishwe kwao na aliyekufa asafirishwe akazikwe na wazee wake. Vilikuwako vyama vikubwa, kama vile Luo Union, na vilikuwako vidogo visivyohesabika vya kata, vya ukoo na vya kanisa. Miaka ya 1980 ilipoanza, serikali ya Rais Moi ilitaka vyama vikubwa vya kikabila vivunjwe, navyo vikavunjwa. Lakini vile vidogo vya mazishi vilibaki, kwa sababu haja iliyovizaa ilikuwa bado ipo. Nasema haya ili tusikidharau kikundi chenu. Kinatokana na ukoo wa heshima, na wengi wetu tulisomeshwa, tulitibiwa na tutazikwa kwa nguvu za vikundi kama hicho.

Ila kuna jambo limebadilika. Kabla ya mji, watu walisaidiana zaidi kwa kazi. Wakamba waliita mwethya: kundi la majirani lilikwenda leo kuchimba matuta kwa huyu, kesho kupalilia kwa yule, na mwenye shamba akawapa chakula. Wagikuyu walikuwa na ngwatio, Abagusii wakawa na risaga. Waswahili wa pwani walikuwa na kikoa, ambapo watu hula pamoja kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu, na hata leo Kiswahili kinasema kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Katika mipango hiyo yote malipo yalikuwa mkono, mguu, chungu na muda, yaani vitu ambavyo karibu kila mtu anavyo. Maskini wa kijiji angeweza kuwa mdai wa tajiri, maana alikuwa amemlimia. Na aliyeugua alijulikana kuwa mgonjwa kwa kuwa majirani walikuwa wanamwona amelala. Hapakuwa na njia ya kumwandika mtoro kwa kutazama daftari peke yake.

Sitaki kuyapamba ya kale. Mipango hiyo ilikuwa na ukali wake: aliyekataa zamu alitengwa, sehemu kubwa ya mzigo iliwaangukia wanawake, na mjane asiye na watoto wenye nguvu hakuwa na mengi ya kuweka mbele ya wenzake. Lakini kipimo chake kilikuwa ni kile mtu anachoweza. Tulipohamia mjini tulibadilisha kipimo, tukaweka fedha, nayo fedha ndiyo kitu ambacho mgonjwa hukikosa kwanza. Matokeo yake ni kwamba kikundi kilichoundwa kumsaidia mtu siku ya shida kinamwondoa pale hasa shida inapoanza. Mwenye mshahara hakosi hata mwezi mmoja, na kwa hiyo ndiye analindwa daima. Fundi, mama mboga na kibarua wa mjengo, ambao siku ya kuugua ndiyo siku ya kukosa kipato, huanguka katika kifungu cha miezi mitatu bila mtu yeyote kuwatakia mabaya. Nimesoma katiba nyingi za vikundi vya Eastlands, na kifungu cha namna hii kimo karibu katika kila moja, kimenakiliwa kutoka kwa kikundi jirani bila kufikiriwa.

Huduma ya M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2007, imetusaidia sana, na mimi ni wa kwanza kuishukuru. Zamani mchango ulibebwa mkononi. Aliyeuleta alikaa, akanywa chai, akaona hali ya nyumba, akaenda kuwaeleza wengine kwamba mwenzetu amekonda. Leo shilingi hufika kwa dakika moja, lakini mtu hafiki. Kikundi kinaweza kuendelea miaka mingi, na hesabu zake zikiwa safi, bila mwanachama kujua mwenzake anaishi ploti gani. Wewe ulimweleza mweka hazina kwamba unaumwa, na kwa kuwa kazi yake ni kuandika zilizoingia, taarifa yako haikuwa na safu ya kuandikwa.

Sasa turudi kwenye wajibu. Waislamu wa Pumwani na Eastleigh wana neno ambalo nimeliazima mara nyingi katika vikao, hata vya Wakristo watupu, na sijapata aliyelikataa: faradhi ya kifaya. Ni wajibu unaowekwa juu ya jamii nzima kwa pamoja. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni wajibu wa aina hiyo. Baadhi wakisimama wakaufanya, wengine wote wameondokewa na mzigo, na asiposimama hata mmoja, wote wana dhambi. Utaona kwamba katika mpango huu hakuna nafasi ya kuuliza kama marehemu au mwanawe alikuwa amekamilisha. Mzigo uko juu ya walio hai na wenye uwezo, na kinachoamua ni haja ya aliyelala pale. Huu ndio wajibu wa jamii kwa mtu katika hali yake iliyo wazi kabisa, nao hauna uhusiano wowote na salio.

Wakazi wa Nairobi tunaujua wajibu huo hata pasipo dini kututamkia. Agosti 7, 1998, bomu lilipolipua ubalozi wa Marekani katikati ya mji na kuua zaidi ya watu 200, waliokuwa karibu walianza kufukua kifusi kwa mikono yao, na wengine wakapanga foleni kutoa damu. Waliofukuliwa hawakujulikana majina, kabila wala kanisa. Nimeitaja siku hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba jamii ya mtu si lazima iwe ile aliyojiandikisha. Majirani wako wa ploti ni jamii yako kwa namna ambayo kikundi chenu, kwa miezi ile mitano, hakikuwa.

Kaka yako amesema mtu ni watu. Amesema kweli, na nakuomba usimjibu kwa ukali, maana anakutakia usibaki peke yako. Lakini msemo huo unambana kila anayeutumia. Ikiwa mtu ni watu, basi watu nao ni huyu na yule, mmoja mmoja, na kumwacha mgonjwa ni kujipunguza. Hauwezi kutumika kumkumbusha mwanachama alipe na usitumike kukikumbusha kikundi kije. Kuna msemo mwingine wa wahenga ambao ningependa usomwe katika kikao chenu: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wazee waliotuachia maneno hayo walijua kwamba siku tutakapoanza kuupima moyo kwa utajiri, asiye na kitu ataonekana hana moyo.

Umeuliza kama ukijitoa utakuwa umewakana watu wako. Kisheria jibu ni jepesi. Kifungu cha 36 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujiunga na chama na kinasema wazi kwamba hakuna atakayelazimishwa kujiunga. Kifungu cha 44 kinakataza mtu kumlazimisha mwingine kufuata desturi au mila. Kwamba maneno hayo yaliandikwa si jambo dogo kwa wanaoikumbuka kesi ya wakili Silvano Melea Otieno. Alipofariki Desemba 20, 1986, mkewe Wambui alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia karibu na Ngong, nao ukoo wake wa Umira Kager ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki Mei 1987, naye akazikwa huko zaidi ya miezi mitano baada ya kufa. Nchi nzima iligawanyika juu ya swali lako: mtu ni wa nani? Mimi naona kwamba pande zote mbili zilimpenda marehemu, na kwamba msiba wa kesi ile ulikuwa kuufanya uhusiano wa mtu na watu wake kuwa hoja ya kumiliki.

Lakini uhuru wa kujitoa haukwambii kama inafaa kujitoa, na sheria yenyewe haijawahi kumwona mtu kama kisiwa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa na wakuu wa nchi huru za Afrika walipokutana hapa hapa Nairobi Juni 1981, ukaanza kutumika Oktoba 1986. Tofauti na mikataba mingi ya haki, huu una sura nzima ya wajibu. Kifungu cha 27 kinasema kila mtu ana wajibu kwa familia yake na kwa jamii. Cha 29 kinataja kuwaheshimu wazazi na kuwatunza wanapohitaji, kutumia nguvu na akili zako kwa manufaa ya taifa, na kuimarisha mshikamano. Lakini kabla ya hapo, kifungu cha 5 kinalinda hadhi ya kila mtu na cha 18 kinaitaka dola iilinde na kuisaidia familia. Walioandika waliweka kupokea na kutoa katika hati moja, na utaona kwamba hakuna mahali wajibu wa mtu ulipowekewa bei. Ukitoka katika kikundi umetoka katika kikundi. Watu wako utakuwa umewakana endapo utaacha kuwajali: ukisikia mmoja wao amelazwa hospitalini ukapita lango lake kwa kusudi, kwa kuwa yeye hakuja.

Kuna upande mwingine ambao sitaukalia sana, ingawa unanikera. Sehemu kubwa ya mizigo ambayo vikundi vyetu vinaanguka nayo haikupaswa kuwa mabegani mwao. Tunachangia bili za hospitali kwa sababu matibabu yanamzidi mtu, wakati kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaja afya kuwa haki ya kila mtu; na mwaka 2015 Mahakama Kuu ililazimika kuamua kwamba kuwazuilia akina mama hospitalini kwa kushindwa kulipia kujifungua kulikuwa ukiukaji wa haki zao. Harambee iliyohubiriwa na Mzee Jomo Kenyatta tangu mwaka 1963 ilijenga shule na zahanati nyingi, na nyingine tulizisomea, lakini pia ilituzoesha kuchangia yale ambayo tayari tumeyatolea kodi. Kikundi cha watu 40 hakiwezi kuwa hospitali, bima na benki kwa pamoja. Kinapojaribu kuwa vyote, huanza kuwahesabu wanachama kama wateja, na mteja aliyekosa kulipa hukatiwa huduma.

Nina swali gumu kwako, na nakuuliza kwa upendo. Katika miaka 6 uliyotoa bila kukosa, kulikuwa na majina yaliyonyamaza. Kila mwaka huwapo wawili au watatu wanaoacha kutoa, kisha wanafutwa, na kikao kinaendelea na ajenda. Ulipata kuuliza walikuwa na nini? Siulizi ili kukugeuzia lawama, kwani hukustahili kuachwa. Nauliza kwa kuwa wewe sasa unajua kilichokuwa nyuma ya kimya kile, na wenzako wengi hawajui. Nilikuwa na hatia hiyohiyo. Nilikuwa katibu wa kikundi kimoja, nikalikata kwa kalamu jina la mzee mmoja aliyekosa miezi minne, na nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akimuuguza mkewe katika chumba kisichozidi hatua 200 kutoka mahali tulipokutana. Nilimwendea. Alinipokea vizuri, na upole wake uliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo ningekushauri ulipe ile 1,900, hata kwa awamu, uchukue risiti, na uandike barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti ukieleza kwa nini zilizobaki huzitambui. Omba jina lako liondolewe kwenye ile orodha. Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema kila mtu ana hadhi na ana haki hadhi hiyo iheshimiwe, na mambo ya hesabu za mtu huzungumzwa naye na mweka hazina, si mbele ya simu 40. Kisha omba dakika kumi katika kikao kijacho. Usiende kulilia pesa za baba, mazishi yamepita. Nenda kupendekeza kifungu kipya: kwamba mwanachama aliyetoa taarifa ya ugonjwa au kupoteza kazi asimamishiwe ada kwa miezi kadhaa bila kupoteza kinga, na kwamba kutembelea wagonjwa na kukaa matangani kuhesabiwe mchango kamili kwa asiye na fedha. Wewe ni fundi. Kikundi kinachoshona sare za kwaya au vitambaa vya shughuli zake kingeweza kupokea siku mbili za cherehani yako mahali pa 300, kama mwethya ulivyopokea jembe. Na pendekeza wachaguliwe watu wawili ambao kazi yao si kukusanya, bali kumtafuta kila aliyenyamaza kwa mwezi mmoja, kabla miezi haijawa mitatu.

Wakikataa kukusikiliza, uliza kama kikundi kimesajiliwa. Tangu mwaka 2022 tuna sheria mahususi ya usajili wa vikundi vya kijamii, na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yako amezoea kuketi na pande mbili. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ila sikushauri uende huko kwa jambo hili. Hukumu inaweza kukuthibitishia kwamba hudaiwi 1,800. Haiwezi kuagiza watu waje kukusalimu.

Wakikubali, rudi. Wakibaki na kifungu chao kilevile, jitoe kwa barua ya adabu, na uendelee kuhudhuria misiba yao kama mtu wa kwao, bila jina lako kuwa kwenye daftari. Najua linalotakiwa hapo ni zito kuliko 5,000.

Jambo moja la mwisho, ambalo hukuliuliza. Katika barua yako umenieleza kwa shilingi na kwa miezi kila unachodaiwa na kikundi, lakini juu ya yule jirani wa mboga umesema tu kwamba alifunga kibanda siku tatu. Mboga hazingoji siku tatu. Bila shaka alitupa nyingine, na wateja wengine walihamia kwa mwingine, naye hatakudai kamwe, kwa hiyo usimpelekee bahasha. Ataona umemlipa kibarua. Mtembelee Jumapili hii mchana, mkae. Mwulize hali ya watoto wake na ya kibanda chake, na kama kuna sare ya shule iliyochanika, rudi nayo nyumbani.